Nyota mbili kwa ofisi ya makaratasi, tano kwa meza ya maktaba

Nianze na mazuri yao, maana sisi watu wa Tanga tumefundwa kusalimia kwanza, deni baadaye. Ofisi hii ya kujaziwa fomu ni safi, baridi ya Januari haiingii ndani, chai ipo, na mlangoni wamebandika kibao: KISWAHILI KINASEMWA. Iko kaskazini mwa Columbus, Ohio, katikati ya bucha la halali na saluni ya kusuka. Jumapili wanafungua, na kwa sisi wabeba boksi tunaoshinda wiki nzima kwenye zamu, hilo si jambo dogo. Kodi ya mapato wamenijazia miaka mitatu bila kasoro. Kwa hiyo Machi 2024, grini kadi yangu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ilipotimiza miaka mitano, sikuhangaika kutafuta kwingine. Nilibeba bahasha yangu nikaenda kujaza fomu ya uraia, ile N-400.

Jina lao silitaji. Mlioko Columbus labda mtawajua kwa chai.

Aliyenihudumia ni kijana wa Kikenya, mpole, ana adabu zake. "Shikamoo mama, keti hapa." Akanipa karatasi nyeupe niorodheshe safari zote nilizotoka nje ya Marekani. Nikaandika kama alivyonifundisha mwalimu wangu wa darasa la tatu, siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka:

18/12/2021 hadi 20/1/2022, Tanga, harusi ya mdogo wangu.
3/11/2022 hadi 2/6/2023, Tanga, kuuguza.

Mnaoishi huku mshaona shimo liko wapi. Mmarekani anaanza na mwezi. Safari ya kwanza ilijiokoa yenyewe, kwa sababu hakuna mwezi wa 18, na kijana akaigeuza vizuri tu. Ya pili haikupiga kelele. Tarehe 3 Novemba ikawa Machi 11, tarehe 2 Juni ikawa Februari 6. Nilikuwa nje miezi saba. Kwenye fomu nikawa nimekaa nje karibu miezi kumi na moja. Safari mbili zinafuatana kwenye ukurasa uleule, moja kaigeuza, nyingine kaiacha. Mpaka leo nikikumbuka nacheka kwa hasira.

Akapiga hesabu kwenye simu, akanigeuzia kioo. "Mama, una siku 1,464 ndani ya Marekani. Wanataka 913 tu. Umefika na umepitiliza." Nikafurahi kama mtoto. Nikalipa dola 450 za huduma yao na dola 760 za serikali, nikatia sahihi. Sikusoma. Hilo ni langu, siwatwishi wao.

Sasa niseme kwa nini nilikaa miezi saba. Mama alipata kiharusi mwishoni mwa Oktoba 2022. Nilikata tiketi ya kwenda na kurudi, kurudi ni tarehe 20 Januari. Mume wangu na mtoto walibaki hapa Columbus, mtoto yuko shule. Kazini, nyumba ya kulelea wazee, nikaomba likizo bila malipo. Nikafika hospitali ya Bombo nikamkuta mama mkono wa kulia haunyanyuki, ila ulimi mzima, anauliza kama huku nalishwa nini mpaka nimekonda. Januari ikafika, nikasogeza tiketi. Machi nikasogeza tena. Kuna siku namkata kucha akaniuliza: "Ukishaapa huko, kwetu hapa utakuja kwa viza?" Nikamwambia ndiyo mama, sheria ya Tanzania haitaki mtu mzima mwenye uraia wa pande mbili, na Mmarekani akitaka kuingia analipa dola 100. Akasema basi hiyo mia nimwachie yeye. Alifariki siku za mwisho za Ramadhani. Nikakaa arobaini, tukasoma khitma, nikarudi.

Hakuna aliyeniuliza lolote kati ya haya pale ofisini. Ndiyo lawama yangu kubwa, kuliko hata tarehe. Tarehe ni mkono kuteleza. Lakini mtu anayelipwa dola 450 kujaza fomu ya uraia akiona safari ya miezi kumi na moja, kwa hesabu yake mwenyewe, akakupongeza, huyo hajui kazi anayoifanya.

Usaili ukaja Oktoba. Afisa alikuwa mwanamke, sauti ya chini, hana haraka. Maswali ya historia na serikali nikapata sita mfululizo, akaishia hapo, maana mwaka ule wa 2024, katika yale kumi ukifikisha sita ilitosha. Kusoma na kuandika, sawa. Kisha akafika kwenye safari, akaanza kupekua pasipoti yangu ukurasa mmoja mmoja, akisogeza mihuri karibu na taa.

"Umeandika ulitoka Machi 2022. Muhuri wa Dar unasema Novemba."

Nikaeleza. Akasahihisha pale pale. Nikadhani yamekwisha.

"Hata hivyo ni miezi saba. Umezidisha sita. Ulikuwa bado unaishi hapa?"

Ndiyo. Kodi ya nyumba alilipa nani? Mume wangu. Kazi je? Walinishikia. Una karatasi yoyote ya kuonyesha? Sina. Nilikuwa na pasipoti, kadi, leseni ya udereva na tasbihi. Akauliza kama kuna safari nyingine ya nje iliyozidi saa 24, nami ndipo nikaikumbuka Windsor ya Kanada, ng'ambo ya mto kutoka Detroit, kitchen party ya Agosti 2023. Tulikwenda kwa gari Ijumaa tukarudi Jumapili, pasipoti haikugongwa muhuri, na kichwani mwangu ilikuwa kama kutoka Muheza kwenda Tanga mjini. Akaiongeza kwenye fomu. Jasho lilinitoka wakati nje kuna nyuzi joto za koti.

Nikatoka na barua: nina siku 30 kuleta ushahidi kwamba makazi yangu hayakukatika.

Nikarudi ofisini kwao. Kijana akasoma barua, akaisoma tena, akaniambia bei ya kujibu ni dola 300. Nilipouliza tutajibu nini, akasema tutaandika kwamba siku zangu zimezidi 913. Nikachukua bahasha yangu, nikaaga.

Maktaba moja ya hapa ina kliniki ya sheria ya bure, Jumamosi moja kila mwezi. Kwa upande wa starehe haifui dafu kwa ofisi ile. Viti vya plastiki, hakuna chai, Kiswahili hakuna, namba zinaisha mapema na mlango wanaufungua kwa dakika zao. Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa Bukavu, tukazungumza, kila mmoja na Kiswahili chake. Yeye alikaa nje miezi kumi na minne akiwa na kibali cha kurudi Marekani, kile kinachoweza kudumu hadi miaka miwili. Aliamini kimemlinda kwa kila kitu. Alitoka mezani kimya. Kibali kile kinalinda kadi yako usizuiwe mlangoni. Saa ya uraia hakiigusi. Mwaka mzima nje, saa imevunjika, huna cha kujitetea, isipokuwa wachache wenye fomu yao maalumu kama wanaotumwa kazi na serikali ya Marekani. Ameambiwa ahesabu miaka minne na siku moja tangu aliporudi, tena hata hapo atatakiwa kuwa na maelezo ya kile kipande cha nyuma kinachobaki ndani ya ile mitano.

Zamu yangu ikafika. Wakili mwanamke wa makamo, kajitolea, pembeni yake mwanafunzi wa sheria. Hakugusa simu wala kikokotoo. Alitoa kalenda iliyochapwa kwenye karatasi kubwa na kalamu mbili, akaniambia nitaje tarehe kwa jina la mwezi. Akapaka nyekundu siku za nje. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi akaziacha, kwa sababu zote mbili zinahesabiwa kuwa uko Marekani. Kwa hiyo safari yangu ya kuuguza ni siku 210. Ya harusi ni 32. Windsor, kwa vishindo vyote vile, ni siku moja, ile Jumamosi.

Halafu akanieleza kitu ambacho ningekielewa Machi, nisingefika pale. Kuna vipimo viwili. Kimoja ni siku za mwili wako kuwa ndani ya nchi: miezi 30, ndizo zile siku 913, kati ya miezi 60 ya ile miaka mitano, au 18 kati ya 36 kwa anayeomba kwa miaka mitatu kupitia mwenzi mwenye uraia. Cha pili ni makazi yasiyokatika, na hiki hakijali una siku ngapi kibindoni. Safari moja ikizidi miezi sita, wanachukulia kwamba umekatisha, na ni juu yako kuonyesha kwamba hukukatisha. Mimi nikajitafsiria kwa namna yangu: maji ninayo pipa zima, swali ni kama udhu umetenguka.

Akaniandikia orodha kwa mkono. Barua ya kazini kwamba sikuacha kazi na nilirudia nafasi ileile. Mkataba wa nyumba wenye jina langu. Risiti za kodi ya nyumba ya miezi yote saba. Cheti cha ndoa na barua ya shule ya mtoto, kuonyesha familia ilibaki hapa. Nakala za kodi ya mapato kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Akauliza kama tiketi ya kwanza ninayo. Ninayo, kwenye barua pepe, kurudi tarehe 20 Januari 2023. Akaigonga meza kwa kidole: "Hiyo uiweke juu kabisa." Na cheti cha kifo cha mama, akaongeza, kikiwa na tafsiri kama kuna maneno ya Kiswahili.

Mwisho akageuza nakala ya fomu yangu kutazama sehemu ya aliyeitayarisha. Tupu. Hakuna jina, hakuna sahihi. Akaniambia mtu asiye wakili, na asiyepewa idhini na Wizara ya Sheria ya Marekani, haruhusiwi kutoa ushauri wa uhamiaji, na akikujazia fomu lazima ajitaje pale. Kisha akauliza kipato cha nyumba yetu. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo. Tangu 1 Aprili 2024, familia ambayo kipato chake hakizidi asilimia 400 ya kiwango cha umaskini cha serikali inaruhusiwa kuomba kulipa dola 380 badala ya 760. Fomu yangu iliwekwa posta tarehe 8 Aprili. Tumo ndani ya kiwango hicho, tena mbali kidogo na ukingo. Dola 380 zangu zimekwenda kwa kukosa swali moja, na watu wenyewe ndio wanaonijazia kodi, kipato changu wanakijua kuliko mama mkwe.

Bahasha ya majibu niliipeleka ikiwa na kurasa 41. Januari 2025 barua ya kukubaliwa ikaja, Februari nikaapa. Mume wangu alipiga picha zote zikatoka na kichwa cha mtu wa mbele.

Nilirudi ofisini kwao kudai. Mwenye ofisi alinisikiliza, hakubisha, akanirudishia dola 100 na kuniahidi kodi ya mapato ya mwaka huu bure. Niliichukua mia. Kodi nimeenda kujaza kwingine.

Wiki iliyopita nilimsindikiza jirani, anataka kupiga picha za pasipoti, na picha zao ni nzuri, nawapa haki yao. Juu ya meza ya yule kijana kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa gundi, maandishi ya kalamu nene: TAFADHALI ANDIKA JINA LA MWEZI. Aliponiona akainamisha macho. "Shikamoo mama." Marahaba.

Nilikuwa nimewapa nyota moja. Ya pili ni ya ile karatasi.