Kareem 1985 au LeBron 2023: mzee yupi alikuwa moto zaidi?

Wote walikuwa na miaka 38, wote jezi ya Lakers, timu ya mpira wa kikapu ya Los Angeles kwenye ligi ya NBA ya Marekani. Mashabiki wa LeBron James hawachoki kuitaja mechi ya nne ya fainali ya Kanda ya Magharibi (hatua ya kabla ya fainali ya NBA) dhidi ya Denver Nuggets, Mei 2023: pointi 40, ribaundi 10 (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa), asisti 9 (pasi zilizozaa pointi), na karibu hakukanyaga benchi. Sawa. Ila pointi 31 alizifunga kabla ya mapumziko. Baadaye miguu ikagoma, mtupo wake wa mwisho ukazuiwa, 113 kwa 111, Lakers nje kwa mechi 4-0.

Kareem Abdul-Jabbar alianza vibaya kuliko hivyo. Fainali ya NBA ya 1985, mechi ya kwanza, Boston Celtics waliwachakaza 148 kwa 114, yeye akiambulia pointi 12 na ribaundi 3. Mzee kwisha habari yake! Mechi ya pili akarudi na pointi 30, ribaundi 17, asisti 8. Lakers wakabeba ubingwa kwa mechi 4-2, naye akawa Mchezaji Bora wa Fainali.

Mtaniambia alilishwa mipira na Magic Johnson, nyota mwenzake Lakers. Kwani LeBron hakuwa na nyota mwenzake, Anthony Davis? Kwa usiku mmoja namchukua LeBron. Kwa mechi zote za fainali, nipeni Kareem.