Kusawazisha chuma cha kisu nyumbani: ununue nini kwanza, nini kisubiri

Mstari mweusi kati ya mpini na chuma humuumbua fundi visu kuliko kasoro nyingine yoyote. Mbao nzuri, gundi nzuri, vibano vimekaza usiku kucha, lakini ukikigeuza kisu kwenye mwanga unaona uwazi. Wengi hukimbilia kubadilisha gundi. Mara nyingi kasoro iko kwenye ubavu wa chuma: una tumbo katikati, umelika pembeni, na hakuna gundi ya kuficha hilo.

Hapo ndipo fundi huanza kutafuta mashine. Ushauri wangu ni asubiri. Mashine huondoa chuma haraka, ila haikuonyeshi palipozidi. Kinachokuonyesha ni kitu kilicho sawa kabisa, cha kulinganisha na kazi yako, na bei yake ni ndogo kuliko ya mota yoyote. Kwa hiyo nimepanga kwa kufuata utaratibu wa kufungua pochi. Ningepanga kwa uwezo wa mashine, ya mwisho ingekuwa ya kwanza.

Jiulize pia unahitaji usawa wa kiasi gani. Kwa kisu kisichokunjwa, ukifika mm 0.05, yaani kama unene wa unywele mwembamba, mpini utakaa vizuri. Kisu cha kukunja hakina huruma hiyo. Ubapa wake unazunguka kati ya bamba mbili zilizobanwa kwa skrubu, na bamba moja ikiwa na tumbo kidogo tu, kisu kitakaza upande mmoja na kuchezacheza upande wa pili. Hapo lenga mm 0.01 hadi 0.02.

1. Kioo kinene na msasa

Hiki ndicho cha kwanza, na kwa mafundi wengi kinatosha kwa miaka. Kioo cha dirisha cha siku hizi hutengenezwa kwa kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya bati iliyoyeyuka, njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959. Kioo huelea na kujitandaza chenyewe, ndiyo maana hutoka kikiwa sawa bila kusuguliwa.

Nunua chenye unene wa mm 10 au zaidi. Chembamba hupinda kufuata meza kilichowekwa, na ukikikandamiza hupinda zaidi. Urefu uwe kama mara moja na nusu ya kisu chako kirefu kabisa. Muuza vioo huwa na vipande vilivyobaki, na hivyo vinafaa kabisa. Usichukue kioo kilichogumishwa kwa joto, kile ambacho kikivunjika hutoa punjepunje. Hupitishwa juu ya rola kingali moto, na rola hukiachia mawimbi. Vioo vingi vya juu ya meza na vya milango ya magari ni vya aina hiyo, kwa hiyo cha bure kutoka gereji kinaweza kukupotosha. Ukishafika nacho, lainisha kingo kwa msasa uliolowa kabla hazijakukata.

Kwenye msasa usibane matumizi. Nunua msasa wa maji, ule mweusi, namba 120, 220 na 400 (namba ndogo ndiyo yenye punje kubwa), na ule wa 120 uwe mwingi kuliko mingine. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuanza na msasa laini kwa kuogopa mikwaruzo. Msasa laini unataka misuguo mingi, na kila msuguo ni nafasi ya mkono kuyumba na kula kingo. Msasa ukianza kuteleza, ubandue. Ukiulazimisha utaongeza nguvu, na nguvu hupinda bamba jembamba likiwa chini ya vidole vyako.

Ubandike wote juu ya kioo, kuanzia kona hadi kona, kwa gundi ya kupuliza. Msasa uliobanwa ncha mbili tu hujikunja kidogo mbele ya chuma kila unaposukuma, na kile kijiwimbi hula ukingo wa mbele. Hapo ndipo kingo za mviringo huzaliwa, na fundi anabaki kulaumu kioo.

Nunua pia maka peni. Paka wino ubavu mzima wa chuma, sugua mara chache, kisha tazama. Wino ukibaki katikati huku kingo zimeng'aa, una mbonyeo, na hiyo ni habari njema: chuma kimekaa imara, endelea tu. Wino ukibaki kwenye kingo huku katikati kumeng'aa, una mbinuko. Acha kusugua mara moja, maana chuma kinabembea juu ya tumbo lake na kila msuguo unalikuza. Punguza katikati kwa tupa au kwa grenda, mpaka pawe chini kidogo kuliko kingo, halafu rudi kwenye kioo.

Ujanja huo unafaa hata kama chuma hakina tumbo. Kwenye sehemu itakayofunikwa na mpini, kwangua katikati ili ibaki fremu nyembamba ya chuma inayogusa kioo. Kazi ya kusugua inapungua sana, fremu inakuwa sawa haraka, na gundi inapata mahali pa kukaa. Hakuna atakayeona.

Kuhusu kushika: tumia kipande cha mbao chenye sumaku, kifupi, ili mkono ukae chini karibu na msasa. Vuta kuja kwako, usisukume, na kila baada ya misuguo michache geuza chuma ncha kwa ncha.

2. Vifaa vya kukagua

Rula yenye ukingo wa kisu na seti ya fila, yaani vijibamba vyembamba vya kupimia pengo. Vyote viwili vinaingia kwenye droo ndogo. Simamisha rula juu ya chuma, elekeza kwenye mwanga: jicho huona mwanga ukipenya kwenye pengo la mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambalo kidole hakiwezi kulihisi. Pima kwa urefu, kwa upana, na kwa mishazari yote miwili, kwa sababu chuma kilichojisokota kinaweza kuonekana kimenyooka kwa urefu.

3. Bamba la graniti la kupimia

Linakuja la tatu kwa sababu wengi hulinunua kwa kazi isiyo yake. Kinacholitofautisha na kioo ni ahadi iliyoandikwa. Kwa kiwango cha Kijerumani cha DIN 876, bamba la daraja 0 lenye upande wa mm 300 linaruhusiwa kosa la mikroni 5 hivi, na daraja 1 mikroni 13. Daraja 1 linakutosha. Daraja 00, lililo kali kuliko hayo, waachie wa maabara. Ila usibandike msasa juu yake ukasugulia humo. Vumbi la msasa hula jiwe pia, na ukishalichimba katikati, umepoteza ulichonunua. Sugulia kwenye kioo, kagulia kwenye graniti.

Vipande vya graniti vya jikoni ni habari nyingine. Vimeng'arishwa, havijasawazishwa. Baadhi viko vizuri, vingine vina bonde, kwa hiyo nenda na rula yako.

(Kama huna hela hata ya hapo, mwaka 1840 mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alieleza mjini Glasgow jinsi ya kupata bamba zilizo sawa bila kipimo chochote: unalinganisha tatu, mbili mbili kwa zamu, na kukwangua palipozidi. Bamba mbili pekee zinaweza kukubaliana moja ikiwa na bonde na nyingine tumbo. Ya tatu huzifichua. Ni kazi ya subira.)

4. Chuma kilichokwisha kusawazishwa kiwandani

Hiki watu hukisahau. Mihimili bapa iliyosagwa kiwandani ni ghali kuliko chuma cha kawaida, lakini kwa anayetengeneza visu vichache kwa mwaka, ni nafuu kuliko mashine yoyote. Sharti lake ni moja: kikipita kwenye moto na mafuta kinaweza kupinda, na usawa ulioulipia ukaondoka. Baada ya kukigumisha, kagua upya.

5. Tupa bapa

Tupa mpya ya meno makubwa, ishikwe pande mbili na kuvutwa kwa ubavu, huondoa tumbo haraka ajabu. Paka chaki ili vumbi lisinase kwenye meno. Ni ya kabla ya moto tu, kwani chuma kigumu kitaiua tupa.

6. Mashine ya diski

Kama utanunua mashine moja kwa ajili ya usawa, iwe hii: diski ya chuma ya sentimita 23 hivi, mota inayobadilishwa kasi. Kasi ndiyo muhimu. Mashine za mbao za kasi moja huenda mbio mno, huchoma msasa na kupasha chuma moto. Kumbuka ukingo wa diski unakimbia kuliko katikati, hivyo chuma kikikaa mahali pamoja kinaliwa mshazari. Malizia kwenye kioo.

7. Mashine ya mkanda

Labda unayo tayari. Kwa kuchonga makali haina mpinzani; kwa usawa haiaminiki, maana mkanda hula kingo unapoingia na bamba la nyuma huchimbika taratibu. Badala ya kununua nyingine, bandika kipande cha kioo cha seramiki kinachostahimili joto juu ya bamba hilo.

Mawe ya almasi sijayapa namba. Yale ya bei ya chini si lazima yawe sawa yenyewe, ni madogo, na ukiyakandamiza punje zake hung'oka. Weka kwa ajili ya kunoa.

8. Mashine ya kusaga nyuso

Hii ndiyo mfalme: mm 0.01 kwake ni kazi ya kawaida. Pia ina uzito wa mamia ya kilo, nyingi hutaka umeme wa fezi tatu, na ya mtumba iliyochakaa reli zake itakupa makosa yaliyong'aa. Kuna kifaa cha kufunga kwenye mashine ya mkanda kinachofanya kazi kama hii kwa usahihi mdogo zaidi. Kama mashine ya mkanda unayo, anza na hicho.

Vyovyote utakavyochagua, jihadhari na sumaku ya meza inayoshika chuma. Ubapa uliopinda ukiuweka juu yake, sumaku huuvuta ukanyooka, unasagwa ukionekana safi, halafu ukizima sumaku unarudi kupinda vilevile. Jaza uwazi ulio chini yake kwa vijikaratasi vya chuma kabla ya kuwasha, saga upande mmoja, kisha geuza. Na shaba nyeupe au titani ya bamba za kisu cha kukunja sumaku haizishiki kabisa. Hizo zitakurudisha kwenye kioo.