Chumba Mwanjelwa au Uyole? Uliza na joto

Ukitafuta chumba Mbeya, dalali atakueleza kodi, maji na umeme. Habari ya joto hakuambii, wakati ndiyo itakayokulaza vizuri au vibaya.

Mwanjelwa nyumba zimebanana. Lami, zege na matofali hufyonza jua mchana kutwa, kisha huachia joto polepole baada ya magharibi, na kuta zilizokaribiana hulichelewesha kupotea angani. Kwa hiyo pengo kati ya mji na mashamba huonekana zaidi usiku, hasa kiangazi, anga likiwa jeupe na upepo umetulia. Luke Howard, Mwingereza aliyechunguza hali ya hewa, aliligundua hilo London mapema karne ya 19, alipolinganisha vipimo vya mjini na vya nje ya mji.

Uyole bado kuna mashamba na miti. Mimea hutoa mvuke unaopoza hewa. Ila tusiisingizie lami kila kitu: hewa baridi ni nzito, huteremka kutoka milimani na kutuama mabondeni, mji uwepo usiwepo.

Mvua zikianza, mwezi Novemba hivi, mawingu na upepo hupunguza tofauti hiyo.

Mimi, kwa Juni na Julai, ningekaa Mwanjelwa, hasa nikiwa na mtoto mchanga. Oktoba ni habari nyingine. Chumba cha bati kisicho na dari, katikati ya zege, saa nane mchana? Hapo Uyole, hata kama nauli ya daladala inauma.