GTX 1050 Ti iliyotumika: bado yafaa kwa michezo ya PhysX?

Kwa Kampala, ambako wengi hununua kompyuta za ofisi zilizotumika, GTX 1050 Ti, kadi ya michoro ya NVIDIA, ina faida moja kubwa: hula wati 75 tu. Matoleo mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme, hivyo pawasaplai ndogo ya kiwandani huimudu. Pima kasha la kompyuta kwanza, maana yale membamba hukubali kadi za kimo kifupi (low profile) tu.

Kwenye PhysX, teknolojia ya kuhesabu mienendo ya vitu mchezoni ambayo NVIDIA iliipata kwa kuinunua kampuni ya Ageia mwaka 2008, kadi inajitahidi. Borderlands 2 inacheza vizuri PhysX ikiwa katikati. Ukiipandisha juu kabisa, mapigano makubwa huanza kukwama. Fungua NVIDIA Control Panel, sehemu ya PhysX, uchague jina la kadi badala ya CPU (prosesa).

Mirror's Edge ndiyo sumbufu. Kioo kikivunjika, mchezo unaganda, kwa sababu umekuja na faili za PhysX za zamani zisizoitambua kadi, na hesabu zote zinaangukia prosesa. Ingia folda ya Binaries, badilisha jina la PhysXCore.dll na PhysXDevice.dll, kisha hakikisha programu ya PhysX ya mfumo imewekwa kwenye kompyuta.

Dukani, ukiona tundu la VGA kwenye kadi, iache hapo hapo. 1050 Ti halisi haina. GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, ionyeshe kore 768. Muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako, jibu umelipata.