Kasha la mizigo kwa kwadi yangu: miezi 14 kati ya Utange na Mwakirunge

Kasha lililo nyuma ya kwadi yangu, yaani pikipiki ya magurudumu manne, sasa ni chombo cha tatu cha kubebea mizigo. Cha kwanza kilikuwa begi, cha pili sanduku la alumini, na hilo sanduku ndilo lililoniharibia mtungi wa naitrojeni ninaohifadhia mbegu za dume, na kuchelewesha kupandishwa kwa ng'ombe wa mteja wangu siku 21. Naandika kwa yeyote wa huku Pwani anayetaka kufunga kitu cha kubebea mizigo kwenye keria ya kwadi, maana mengi niliyoambiwa madukani kabla sijanunua hayakuhusu chumvi wala barabara zetu.

Kazi yangu ni kutibu na kuchanja mifugo, na kupandisha ng'ombe kwa mrija wenye mbegu za dume, bila dume mwenyewe. Watu huniita daktari, ingawa nilichosomea ni diploma ya afya ya mifugo. Naishi Utange, Mombasa; wateja wangu wako Kashani, Mwakirunge, Kiembeni, hadi nyuma ya Nguu Tatu. Masika yakishika, kuna maboma ambayo bodaboda haifiki. Ndipo nikanunua Yamaha Kodiak 450 iliyotumika, kutoka hoteli moja ya ufukweni iliyokuwa ikipunguza vyombo vyake. Ilikuja na keria mbili tupu, mbele na nyuma, na vibandiko vilivyofifia ambavyo siku hiyo sikuvijali: kilo 40 mbele, kilo 80 nyuma.

Begi sitalisema sana. Lilikuwa la kitambaa kizito, lenye mifuko ya pembeni, shilingi 6,500. Mfuko wa kulia uliteleza ukagusa ekzosi, ukayeyuka pamoja na glavu zangu za mkono mrefu. Zipu zilishika kutu ya kijani miezi mitatu tu. Kwa mtu anayebeba koti la mvua na chupa ya maji, begi linatosha. Kwa dawa, hapana.

Baada ya hapo nikataka kitu kikubwa, kigumu, chenye kufuli. Niliona sanduku la alumini dukani, refu kama keria nzima, linang'aa. Muuzaji akanihakikishia: "Hili daktari halishiki kutu, hili ni la maisha." Kweli alumini haishiki kutu kama chuma. Asichoniambia ni kwamba alumini ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, baina yao hupita umeme mdogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Bolti alizonifungia zilikuwa za chuma cha kawaida, bila washa ya plastiki wala mpira katikati. Kufikia mwezi wa tano nilikuta unga mweupe umezunguka kila bolti, nikaukwangua kwa ukucha ukabanduka kama magamba. Chini ya unga, tundu la bolti lilikuwa limepanuka hadi kidole changu cha mwisho kikaingia.

Tundu likipanuka sanduku hucheza. Hapo ndipo nilipoumia.

Wasiojua kazi hii niwaeleze kidogo. Mbegu za dume hukaa ndani ya naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi wake ni kama chupa ya chai ya kuta mbili: chombo cha ndani kimening'inia kwenye shingo tu, na kati ya kuta hamna hewa. Shingo hiyo ikipata ufa kwa kutikiswa, hewa huingia, na baridi yote hutoroka. Mtungi wangu wa lita 3 nilikuwa nimeulaza ndani ya lile sanduku la alumini (sio kuulaza kabisa, ulisimama, lakini pembeni hakukuwa na kitu cha kuushikilia ila mfuko wa dawa). Sanduku likicheza, mtungi nao unagonga bati.

Siku hiyo nilipigiwa simu saa kumi na moja alfajiri. Mama mmoja wa Mwakirunge: "Daktari, huyu ng'ombe tangu jana magharibi anapanda wenzake." Wakati wake ulikuwa huo hasa, kwa sababu ng'ombe anayeanza kutaka dume jioni hupandishwa asubuhi inayofuata, kama saa 12 baadaye. Nikatoka mbio. Nilipofika nikafungua sanduku, nikaona mabega ya mtungi yamevaa barafu nyeupe kama mtu aliyemwagiwa unga wa sembe. Nikachovya rula kupima kina. Kwa kawaida rula hutoka na mstari wa barafu unaoonyesha naitrojeni imefika wapi. Ilitoka kavu. Mirija yote 22 iliyokuwamo ilikuwa imekufa, na sehemu yake nilikuwa nimeilipia kwa mkopo.

Yule mama hakunilaumu. Alisema, "Si kwa kupenda kwako, baba," akaniletea chai. Lakini tulijua sote wawili kwamba ng'ombe huyo hangetaka dume tena hadi siku 21 zipite, na siku 21 ni maziwa ya nyumba. Nilimpandisha mara ya pili bila malipo. Ndama wake sasa ana miezi minne.

Tangu hapo nimeacha kuanza na kasha. Naanza na mzigo, nauliza kila kitu kinataka nini. Chanjo zinataka nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo zina kikasha chao cha barafu, nacho kinataka kivuli. Dawa na sindano zinataka kufungiwa na kukaa pakavu. Bomba la kupulizia kupe halitaki chochote, liwe nje tu. Na mtungi unataka mambo matatu: usimame wima, usigongwe, upumue. Hilo la kupumua wengi hawalijui. Lita moja ya naitrojeni ya maji ikigeuka hewa huwa karibu lita 700. Ukiufungia ndani ya kasha lisilopitisha hewa unatafuta balaa, na hewa hiyo haina harufu ya kukuonya. Lile la alumini lilikuwa likivuja kifunikoni, na namshukuru Mungu kwa kuvuja huko.

Kwa hiyo nilichonunua mara ya tatu ni kasha dogo kuliko nililotaka. La plastiki nene, lita 85, linachukua nusu ya nyuma ya keria. Nusu ya mbele, mara tu baada ya kiti, niliacha wazi kwa mtungi. Huko ni karibu na katikati ya chombo, mtikisiko ni mdogo kuliko ukingoni. Fundi wangu wa Majengo alichukua kreti ya soda, akakata vigawanyo vya ndani, akaizungushia godoro la sponji hadi mtungi ukaingia kwa kusukumwa kidogo, shingo ikabaki juu, wazi. Alinitazama nikiujaribu akasema, "Sasa huyu amelala kama mtoto wa mgongoni." Kazi yote shilingi 1,200, na kwangu mimi ndiyo iliyookoa mambo kuliko kasha lenyewe.

Kasha lilinigharimu 31,000, pamoja na usafiri. Ni pesa. Lakini kabla sijalipa nilifanya vitu viwili ambavyo namwomba kila mnunuzi afanye. Kwanza nilibonyeza pembe za kifuniko kwa kidole gumba, kwa nguvu. Plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu inayozunguka huwa nene hata pembeni. Zile nyepesi pembe zake hunepa, na jua letu huzifanya zipauke na kupasuka. Uliza pia kama plastiki imetiwa dawa ya kuzuia jua. Asiyejua jibu hajui anachouza.

Pili nilimwomba mwenye duka ndoo za maji. Nikaweka gazeti la jana ndani, nikafunga komeo, tukamwagia ndoo tatu kutoka juu na moja kwa kasi upande wa bawaba. Tukafungua. Gazeti lilikuwa kavu, ila kona moja karibu na bawaba ilikuwa na doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Mwenye duka mwenyewe alishangaa, hakuwahi kulijaribu. Alinipunguzia 1,500, nami nikaongeza ukanda wa mpira mahali hapo. Masika mawili yamepita, dawa hazijalowa.

Joto nililipima kwa kipimajoto cha chanjo. Mwezi wa pili, saa saba mchana, kwadi ikiwa juani, ndani ya sanduku la alumini niliwahi kusoma nyuzi 46. Hili la plastiki, ambalo ni jeusi, lilifika 43, jambo lililonivunja moyo kidogo. Nikalifunika kifuniko kwa kipande cha turubai jeupe alichonishonea fundi wa maturubai ya malori, na kipimo kikashuka hadi 38. Barafu iliyokuwa ikiisha saa sita mchana sasa hunifikisha saa kumi jioni.

Kuhusu bolti, usikubali zozote zile. Tazama kichwa cha bolti ya stenlesi: ikiandikwa A2 ni ya kawaida, ikiandikwa A4 ni ile wanayoita 316, yenye molibdenamu ndani, inayovumilia chumvi. Mimi nilizipata kwenye duka linalowauzia watu wa maboti, bolti nne za umbo la U pamoja na nati zenye plastiki ndani ili zisilegee. Kati ya bolti na bomba la keria tulizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa sababu bolti ikikwangua rangi ya keria, kutu huanzia hapo hapo. Baada ya wiki ya kwanza zikaze tena. Mimi zililegea mbili.

Na kuosha. Visima vya huku Utange vingi vina maji ya munyu. Ukiosha kwadi kwa maji hayo umeiongezea chumvi tu. Mimi nina pipa la maji ya mvua, nikitoka ufukweni Shanzu au kwenye tope la Mwakirunge naosha bolti, bawaba na komeo kwa maji hayo yasiyo na chumvi, hata kama nimechoka.

Sasa uzito, ambao ndio ugomvi wangu wa kila wiki na watu ninaowapenda. Zile kilo 80 za keria ya nyuma zinahesabu na kasha lenyewe. Langu tupu lina kilo 13. Ongeza mtungi na kreti, kilo 7. Kikasha cha barafu, 9. Dawa na vifaa, 8. Hizo tayari ni 37. Bomba la kupulizia la lita 16 likijazwa linaongeza kama 20, kwa hiyo nalibeba tupu na kuomba maji ninakokwenda. Kisha mteja ananiambia, "Daktari, unapita kwangu, nibebee gunia moja tu la chakula cha ng'ombe." Gunia ni kilo 70. Niliwahi kukubali. Kwenye mwinuko wa Nguu Tatu usukani ulikuwa mwepesi ghafla mikononi, magurudumu ya mbele yakawa yanagusa ardhi kwa adabu tu. Nilishuka, nikalitelemsha gunia kando ya njia, nikampigia mwenyewe alifuate kwa tuktuk. Sijabeba tena, na nawaomba wasinione nina roho mbaya.

Jambo dogo linaloambatana na hilo: tairi za kwadi hutaka upepo mdogo sana, karibu psi 5, wakati gari dogo hutaka 30 hivi. Kipimo cha kituo cha mafuta hakisomi vizuri chini huko. Nunua kipimo chako cha upepo mdogo, maana ukiwa na mzigo nyuma, tairi moja laini kuliko mwenzake inavuta chombo upande.

Keria ya mbele nimeiacha na kikapu cha waya tu: kamba, buti, bomba tupu. Siweki kitu cha kuziba taa, kwa sababu mwezi wa Ramadhani mimi hurudi usiku baada ya futari na njia ya Kashani haina taa hata moja.

Kasha hili lina kasoro. Komeo zake ni za plastiki, na mchanga laini wa ufukweni huingia ndani yake hadi zinakuwa ngumu kufungua kwa mkono mmoja, wakati mkono mwingine umeshika mbuzi. Kufuli lake ni dogo, mtu mwenye bisibisi hatahangaika nalo, hivyo dawa za gharama silazi humo. Naziingiza ndani ya nyumba kila usiku. Na ufunguo ulikuja mmoja. Nimeagiza komeo mbili za stenlesi za aina wanayofungia mashubaka ya boti. Fundi ameniambia nimletee kwadi Jumamosi, na kasha liwe tupu.