Bomba la tangi la samaki linalokoroma: Durso au Herbie?

Kelele hutokana na hewa inayovutwa pamoja na maji kwenye bomba linaloshusha maji kutoka tangi la samaki hadi tangi la chini. Durso na Herbie ni njia mbili za kuunda bomba hilo ili litulie.

Durso hufaa tangi lenye tundu moja la kutolea maji. Juu ya bomba funga tii (kiungo chenye umbo la T), elbo inayotazama chini na kepu yenye kitundu cha milimita 2. Kikiwa kidogo mno, maji hupanda, kisha hufyonzwa kwa kishindo, tena na tena. Kipanue kidogo kidogo. Mtiririko ukiwa mkubwa, mlio haumaliziki.

Herbie hudai matundu mawili, na kwa ukimya inashinda kabisa. Bomba kuu hujaa maji tupu, likidhibitiwa na geti valvu (valvu inayofungwa kidogo kidogo kwa kuzungusha). Koki ya tufe (ball valve) hairekebishiki kwa usahihi. Funga valvu taratibu hadi maji yasimame sentimita kadhaa juu ya mdomo wa bomba hilo. La pili, refu zaidi, hubaki kavu kwa dharura: konokono akiziba la kwanza, hilo ndilo linaloiokoa sakafu. Usiliwekee valvu.

Mwisho wa chini wa bomba kuu uzame sentimita 2 au 3 tu katika maji ya tangi la chini. Ukizidi, hewa hunaswa bombani na mvuto wa maji (siphon) hauanzi.