MetaTrader 5: kizuizi kinacholala kompyuta ikizimwa

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Sitawachosha kwa maelezo ya chati na viashiria vya MetaTrader 5, programu ya kununua na kuuza sarafu iliyotoka mwaka 2010 na ambayo wengi wenu mnaifungua kabla hata ya kunywa chai. Leo nina kero moja tu, nayo nataka muione kwa macho yenu.

Tazameni skrini. Katika akaunti ya majaribio nimenunua euro kwa dola kwa bei ya 1.10000, loti 0.10 (yaani euro 10,000), ambapo kila pipu, yaani hatua ya bei ya 0.0001, ni dola 1, na papo hapo nimeweka agizo la kuzuia hasara kwenye 1.09700. Agizo hilo hukaa kwenye seva ya dalali, kwa hiyo hata umeme ukikatika mtaa mzima, lenyewe lipo. Sasa naongeza kizuizi kinachofuata bei, yaani kile kinachopanda nyuma ya faida bila mimi kukigusa. Angalieni menyu: inahesabu pointi, yaani sehemu ya kumi ya pipu, si pipu, hivyo anayetaka pipu 20 lazima aweke 200. Bei imefika 1.10400, kizuizi kimepanda hadi 1.10200, nami ningeweza kwenda kulala nikidhani nimefunga mlango kwa komeo.

Nazima kompyuta. Tukifuatilia kwenye simu, bei inafika 1.10750, lakini kizuizi bado kiko palepale 1.10200, ilhali kilipaswa kuwa 1.10550. Dola 35 za faida zimebaki bila mlinzi, kwa sababu anayekisogeza si seva bali programu iliyo kwenye kompyuta yako, nayo imelala! cTrader, mshindani wake, huiachia seva kazi hiyo, na sioni kwa nini hawa wakubwa wa MetaTrader wasifanye vivyo hivyo. Mpaka hapo, kodi kompyuta ya mbali isiyozimwa, au usogeze kizuizi kwa mkono.

Hata agizo la kwenye seva si ngome. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ilipoacha kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa euro, bei iliruka, na maagizo mengi yalitekelezwa mbali sana na pale yalipowekwa. Ndiyo maana siipendi leveraji, yaani nguvu ya kukopa kwa dalali, ya 1:400: dola 100 hubeba dola 40,000, na bei ikikugeukia kwa asilimia 0.25 tu, zote zimekwenda.

Programu ni ya bure. Gharama imo katika tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza. Walioko Kenya, tafuteni jina la dalali katika orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kabla ya kutuma hata shilingi. Na anayeomba kuona biashara zako, mpe nywila ya mwekezaji, inayomruhusu kutazama tu.

Wiki ijayo nitaizima kompyuta hii hii nikiwa ndani ya cTrader.